Wazee wa Kaole na wokovu

SWALI: Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Wazee wetu wa Kaole, jirani na Bagamoyo, waliofariki kabla ya hapo wamepotea? Haki iko wapi?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji, Kanisa Katoliki halifundishi hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, ulisema asiyeijua Injili bila kosa lake, lakini akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri yake, aweza kuokoka. Wapo Wakristo wanaopinga. Mimi siamini kwamba Mungu mwenye haki atamhukumu mtu kwa habari asiyopelekewa. Swali gumu zaidi ni la jirani Mwislamu wa leo, aliyesikia Injili asishawishike; lakini hati hiyohiyo inawataja Waislamu waziwazi ndani ya mpango wa wokovu.