Wufa ya servo na mpaka wa krosova

SWALI: Besi ya spika za nyumbani kwetu Ngungu, Masisi, inakoroma. Je, wufa ya servo itasaidia? Krosova iwekwe wapi?

JIBU: Wufa ya servo ina kihisio kinachopima mwendo halisi wa koni. Amplifaya hulinganisha mwendo huo na muziki ulioingia, kisha husahihisha tofauti papo hapo. Philips ya Uholanzi iliuza spika za namna hii tangu miaka ya 1970.

Masahihisho hayo hufaa kwa sauti nzito tu. Masafa yakipanda, taarifa ya kihisio huchelewa na mfumo unaweza kuanza kuvuma wenyewe. Ndiyo maana mpaka wa krosova, yaani masafa ambapo wufa huziachia spika ndogo kazi, huwekwa chini, mara nyingi karibu na hezi 80. Chini ya hapo sikio hutambua kwa shida sauti inakotoka. Spika ndogo nazo zipewe nafasi: zikiishia hezi 50, mpaka uwe hezi 100, yaani oktava moja juu. Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne, nguzo ya rumba ya Kongo, hutoa takriban hezi 41, hivyo wufa ndiyo itakayoubeba.

Servo hairefushi mwendo wa koni, na hudai umeme zaidi kutoka kwa amplifaya, jambo zito kwa nyumba inayotegemea betri ya sola. Haiponyi koni iliyopasuka wala mwangwi wa chumba. Kwa hiyo koni ikaguliwe, wufa ihamishwe pembeni au katikati ya ukuta, krosova ijaribiwe. Servo inunuliwe mwisho.