Jua Haki Zako: Programu Iliyolipiwa kwenye Simu Moja na Kutakiwa kwenye Nyingine

Mtu anapolipia programu katika App Store ya Apple au Google Play, kisheria hapati umiliki wa programu hiyo bali hupewa leseni, yaani ruhusa ya kuitumia kwa masharti ya mwenye duka na ya mtengenezaji, na ruhusa hiyo huambatana na akaunti iliyotumika wakati wa kulipa, si na simu yenyewe. Kwa sababu hiyo, anayebadilisha simu na kuendelea na akaunti ileile hapotezi alicholipia, ilhali anayefungua akaunti mpya kwa kuwa amesahau nywila ya zamani huhesabiwa dukani kama mtu ambaye hajawahi kulipa chochote.

Programu iliyolipiwa kabla ya kupakuliwa haina utata mkubwa, kwani hupakuliwa tena bila malipo maadamu bado imo dukani. Utata umo katika malipo yanayofanyika ndani ya programu. Vitu vinavyotumika vikaisha, kama sarafu za mchezo, kwa kawaida havirejeshwi, na usajili, yaani malipo yanayojirudia kila mwezi au kila mwaka, hudumu kwa muda uliolipiwa tu. Lakini ununuzi wa kudumu, kama vile kufungua toleo kamili au kuondoa matangazo, ni stahili ya mnunuzi katika kila kifaa cha mfumo huohuo kinachotumia akaunti yake na ambacho programu hiyo inakikubali. Kanuni ya 3.1.1 ya Apple inamtaka mtengenezaji aweke njia ya kurejesha manunuzi ya namna hii, ambayo mara nyingi ni kitufe kilicho katika mipangilio au chini kabisa ya ukurasa wa bei, kwa herufi ndogo zisizolingana hata kidogo na ukubwa wa kile cha kulipia. Jambo hilo si la haki kwa mnunuzi, na ni vyema akitafute kitufe hicho kabla ya kukubali kulipa mara ya pili.

Kanuni hiyohiyo inamkataza mtengenezaji kutumia ufunguo wa leseni, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu anaopewa mnunuzi baada ya kulipa, kufungulia huduma ndani ya programu ya iPhone, na ndiyo maana ufunguo ulionunuliwa kwa ajili ya kompyuta kwenye tovuti ya mtengenezaji hauna pa kuingizwa kwenye simu. Kanuni ya 3.1.3(b) hata hivyo inaruhusu programu inayopatikana katika mifumo mbalimbali imfungulie mtumiaji alichonunua kwingine, mradi kitu hicho kiuzwe pia ndani ya programu hiyo. Hiyo ni hiari ya mtengenezaji, wala si wajibu wake, hivyo aliyelipa kwenye Android hawezi kudai toleo la iPhone isipokuwa mtengenezaji mwenyewe ameahidi hivyo.

Ahadi hiyo inapaswa kusomwa kabla ya kulipa, na hapo sheria ina la kusema. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina vifungu mahususi kuhusu mikataba ya intaneti, vinavyomtaka muuzaji aeleze taarifa muhimu na ampe mnunuzi nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa kabla ya mkataba kufungwa. Jimbo la California nchini Marekani, ambako Apple na Google zina makao makuu, limekwenda mbali zaidi kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kumwambia mteja kwamba ananunua bila kumweleza bayana kuwa anachopata ni leseni.

Aliyekwisha kutozwa mara mbili aanze na stakabadhi ya barua pepe, yenye namba ya oda na inayomsaidia kutambua akaunti iliyolipa. Google Play hupokea maombi ya kurudishiwa fedha ndani ya saa 48, na baada ya hapo kwa kawaida humwelekeza mteja kwa mtengenezaji. Apple hupokea maombi kupitia ukurasa wake wa kuripoti matatizo ya manunuzi, ambako mteja huchagua oda husika na kueleza sababu.