Mlango, Chapuo na Kete: Mafunzo Niliyopata ya Kuituliza Akili

Kazi yangu ni kusahihisha maandishi ya watu, na kazi hiyo haitaki akili inayozurura. Mazoezi ninayoyategemea nayafanyia hapahapa Bagamoyo, bila ada wala kifaa maalumu.

1. Zoezi ni kurudi. Wengi hudhani mtu makini ni yule ambaye mawazo yake hayatoki. Hutoka, kwa kila mtu. William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1890 kwamba uwezo wa kuyarudisha mawazo yaliyotoroka, tena na tena, ndio mzizi wa busara na utashi. Kila alfajiri, kabla sijagusa simu, nakaa kitako nahesabu pumzi hadi kumi, kisha naanza upya. Nikijikuta nimeshafika kwenye bei ya sukari, narudi kwenye moja bila kujigombeza.

2. Jicho lipewe kitu kimoja. Hili ndilo nilipendalo zaidi. Nachagua mlango mmoja wa nakshi Mji Mkongwe wa hapa, nasimama mbele yake kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Kisha nageuka, nafumba macho na kuueleza kimoyomoyo: mfaa ule wa katikati una maua gani? Mnyororo uliochongwa pembezoni unaanzia wapi? Misumari ya shaba imepangwa safu ngapi, na ipi imeng'oka? Nageuka tena kuhakiki. Karibu kila mara kuna kitu sikukiona: ufa uliozibwa kwa nta, au ua la kulia lililochongwa na mkono mwingine, mzito kuliko wa kushoto. Kesho yake nautazama mlango uleule. Kubadilisha mlango kila siku ni utalii. Faida inakuja pale unapodhani umeshaumaliza.

3. Sikio nalo lina zamu yake. Kwenye maonyesho ya TaSUBa, taasisi iliyotokana na Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ngoma zikipigwa kwa pamoja namfuata mpigaji mmoja tu, mara nyingi wa chapuo, ile ngoma ndogo. Msondo, ile ngoma kubwa, ukinguruma unanivuta, namwacha, kisha namtafuta tena palepale alipo. Asiye karibu na ngoma anaweza kufanya hivyo na taarabu ya redioni: ashike fidla peke yake mpaka wimbo uishe.

4. Bao lichezwe kwa macho kwanza. Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64, na kwenye mtaji, awamu ya pili ya mchezo, hatua moja inaweza kuzunguka, kula na kuzunguka tena. Kabla sijagusa kete naifuata safari nzima kichwani mpaka pale itakapolala. Wazee wa barazani kwetu huwakataza vijana kupapasa kete huku wakifikiri, na wana haki: mkono ukitangulia, akili inaacha kazi.

5. Muda uwe mfupi, lakini kila siku. Dakika kumi zinatosha, simu ikiwa kabatini.

6. Anayetaka kipimo kigumu aende soko la samaki wakati wa mnada. Chagua dalali mmoja, ufuate bei anazotaja tangu fungu la kwanza hadi la mwisho. Mimi bei hunipotea dalali wa pili anapoanza kunadi. Hapo namtegea sikio tena yule wa kwanza.