Baba anajikojolea, tumpunguzie maji?

SWALI: Daktari, baba yangu ana miaka 57. Alianza kuyumba akitembea, sasa hata ulimi unakuwa mzito. Mkojo humbana ghafla akajikojolea kabla ya kufika chooni. Akiwahi, unatoka kidogo tu. Majirani wanasema ni konzo ya muhogo, wengine tezi dume. Tumempunguzia maji. Tumekosea?
Msomaji, Butiama

JIBU: Mrudishieni baba maji leo hii. Mkojo mzito huwasha kibofu na kukaribisha vijidudu. Anywe vya kutosha mchana, apunguze jioni.

Konzo tunaijua hapa Mara. Mwaka 1985 iliwapooza watu wilayani Tarime waliokula muhogo mchungu usioondolewa sumu vizuri. Lakini konzo huja ghafla, hukaza miguu, na kwa kawaida kibofu hukiacha salama. Hali ya baba inazidi polepole na imegusa kibofu. Hapo nafikiria magonjwa adimu yanayodhoofisha ubongo kidogokidogo, kama atrofi ya mifumo mingi, ambayo huweza kuharibu kibofu hata kabla mtu hajaanza kuyumba.

Ili mtu akojoe, ubongo huamuru kibofu kikaze na mlango wake ulegee. Amri hizo zikivurugika, kibofu hubana ovyo na bado hakimalizi mkojo. Huo unaobaki ndio huleta maambukizi na kuumiza figo.

Kwa hiyo akishakojoa, apigwe ultrasaundi kupima uliobaki. Ukizidi mililita 100, huenda akafundishwa kujiingizia mpira safi wa mkojo na kuutoa, mara kadhaa kwa siku. Msinunue dawa za kutuliza kibofu kabla ya kipimo hicho. Zinaweza kuuzuia mkojo kabisa. Apimwe pia presha akiwa amelala kisha amesimama, sukari, kichocho na tezi dume. Msiharakie upasuaji wa tezi kabla mishipa ya fahamu haijachunguzwa: kama ni atrofi ya mifumo mingi, anaweza kuvuja zaidi.

Anzieni hospitali ya wilaya, iwe Butiama au Bunda. Ikibidi mtapewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Musoma, au Bugando, Mwanza. Andikeni kwa siku tatu saa anazokojoa na kiasi, mwende na karatasi hiyo.

Mkojo ukigoma kabisa na tumbo la chini kuvimba, au akipata homa na kutetemeka, msisubiri kukuche. Ikithibitika ni atrofi hiyo, haina dawa ya kuirudisha nyuma, lakini figo zake na heshima yake tunaweza kuvilinda. Msimfokee akilowa, hafanyi kusudi.