Mashine ya Kufulia kwa Nyumba ya Rungwa: Maswali na Majibu ya Marudio

Soma kwanza maelezo ya familia hii, kwa kuwa maswali karibu yote yanaihusu.

Familia ya watu sita inaishi Rungwa, mkoani Singida. Baba ni askari katika Pori la Akiba la Rungwa, na kila anaporudi doria sare zake zimebadilika rangi kwa vumbi. Mama anauza dukani. Maji ya kisima hupandishwa kwenye tenki lililo juu ya mnara wa mita tatu. Umeme ni wa LUKU. Ukikatika, ipo sola yenye betri moja ya asidi, volti 12, Ah 100. Fedha zilizopo zinatosha mashine moja tu. Fundi wa mashine za otomatiki hayupo kijijini, ila yupo anayetengeneza feni na pampu.

Swali la 1 (alama 3). Taja aina tatu za mashine zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani.

Ya mlango wa mbele (otomatiki), ya mfuniko wa juu (otomatiki), na ya matenki mawili, ambayo wauzaji huiita nusu otomatiki: tenki moja la kufulia, jingine la kukamulia, na nguo unazihamisha kwa mkono wako.

Swali la 2 (alama 4). Mashine iliyotumika Ulaya ina lebo ya A+++, mpya iliyo jirani yake ina lebo ya C. Je, ya kwanza ndiyo inayokula umeme kidogo?

Hapo huwezi kujua. Ulaya ilibadilisha vipimo vya lebo za mashine za kufulia Machi 2021: alama za kujumlisha zikafutwa, ikabaki A hadi G, na masharti yakakazwa. A+++ ni ya mizani ya zamani, C ni ya mizani mpya. Soma namba ya uniti badala ya herufi, lakini nayo usiisome kwa pupa: lebo ya zamani inahesabu mwaka mzima wa mafuo 220, mpya inahesabu mafuo 100. Gawanya kwanza, ndipo ulinganishe. Watahiniwa wengi hulinganisha namba kama zilivyo na kupoteza alama zote nne.

Swali la 3 (alama 12). Asubuhi ya Juni maji ya tenki yana nyuzi 20. Mashine ya mlango wa mbele inapasha lita 15 hadi nyuzi 60. Ya matenki mawili inafua kwa maji baridi: mota ya wati 360 kwa dakika 20, kikamulio cha wati 150 kwa dakika 8. Familia inafua mara 12 kwa mwezi. Linganisha gharama, kisha toa maoni.

Kupasha maji: 15 × 4.2 × 40 = kilojuli 2,520. Uniti moja ya umeme ni kilojuli 3,600, kwa hiyo ni uniti 0.7. Hapo hujahesabu mota yake, wala joto linaloishia kwenye chuma na nguo.

Matenki mawili: wati 360 kwa theluthi ya saa ni uniti 0.12, wati 150 kwa dakika 8 ni uniti 0.02. Jumla 0.14, yaani sehemu ya tano ya ile ya kwanza.

Kwa mwezi: 8.4 dhidi ya 1.68. Katika bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi, kabla ya kodi na tozo. Tuchukue hali mbaya, kwamba familia imeshavuka 75: hita itawala shilingi 2,940, maji baridi shilingi 588. Tofauti ni shilingi 2,352.

Sasa maoni, yenye alama tano, na hapa ndipo mtahiniwa aliyekariri hukwama. Tofauti hiyo kwa mwezi si ya kumkosesha mtu usingizi. Kumleta fundi mmoja kutoka Itigi, zaidi ya kilomita mia moja, kutameza akiba ya umeme ya miezi mingi. Mwenye LUKU wa Rungwa akiangalia lebo tu atakuwa anabana senti huku noti zinamtoka. Swali lake kubwa ni mashine itakayodumu na nani ataifungua ikigoma. Umeme unakuja baadaye.

Swali la 4 (alama 4). Je, hoja hiyo inabaki vilevile siku ya kutumia sola?

Haibaki. Betri ya volti 12, Ah 100 inabeba uniti 1.2, na betri ya asidi isiyotaka kufa mapema isishushwe chini ya nusu. Zinabaki 0.6. Hita peke yake inataka 0.7, kwa hiyo betri itaisha maji hayajafika nyuzi 60. Mashine ya maji baridi itafua na taa za usiku zitabaki. Jihadhari na inveta: mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya wati zilizoandikwa, hivyo inveta ya wati 400 kwa mota ya 360 itazima au kuungua.

Swali la 5 (alama 8). Eleza namna maji ya familia hii yanavyoathiri uchaguzi.

Kwanza presha. Kila mita ya kimo cha tenki hutoa kilopaskali 10 hivi; mnara wa mita tatu unatoa 30. Mashine nyingi za otomatiki zinadai 50, nyingine zinaridhika na 30. Ikikosa, inasubiri maji, inachoka, inaandika hitilafu na kusimama. Wako wanaomimina maji kwa jagi kupitia droo ya sabuni. Inawezekana, lakini sasa otomatiki ni wewe. Tenki la kufulia la nusu otomatiki linajazwa kwa ndoo bila ugomvi.

Pili ugumu wa maji. Chukua chupa mbili safi, moja ya maji ya mvua, moja ya kisima. Kwangulia kila moja vipande sawa vya sabuni ya mche, funga, tikisa. Ya mvua itajaa povu hadi shingoni. Ya kisima, kama maji ni magumu, itakupa povu la haraka linalokufa, na utando mweupe juu. Madini hayohayo ndiyo yanayoacha ukoko chini ya birika, na ndiyo yatakayojenga ukoko kwenye hita ya mashine mpaka iungue. Mashine isiyo na hita haina cha kuungua hapo.

Kwa haki, ya mlango wa mbele inatumia maji machache kuliko zote, na mahali penye bomba lenye presha ningeipa ushindi. Hata hivyo mwenye matenki mawili ana ujanja wake: maji yaleyale hufua mashuka kwanza, kisha nguo za rangi, mwisho sare za doria na soksi.

Swali la 6 (alama 10). Uko dukani. Utapimaje uimara wa mashine ya matenki mawili kabla ya kulipa?

Inamisha mashine uangalie chini. Kama tako liko wazi, umenunua nyumba ya panya. Atakata mkanda na waya ndani ya wiki. Dai kifuniko au wavu wake. Zungusha kikamulio kwa mkono: kiende laini, kisikwaruze. Kisukume kushoto na kulia. Kimefungwa juu ya mpira, kwa hiyo kitacheza, lakini kisigonge. Fungua mfuniko kikiwa kinazunguka: breki ikishike ndani ya sekunde chache, kwa sababu mkono wa mtoto hausubiri.

Uliza mota imesukwa kwa waya gani. Shaba inapitisha umeme vizuri kuliko alumini na hupata joto kidogo kwa unene uleule. Umeme wa kijijini ukishuka volti, joto ndilo linaloua mota. Muuzaji akisema "zote sawa tu", hajui au hataki.

Kisha uliza vipuri vinne: mkanda, sili ya kikamulio, swichi ya dakika na kapasita. Sili ndiyo ndogo kuliko vyote na ndiyo yenye madhara makubwa: ikichoka, maji yanadondokea mota ya kukamulia. Nunua ya akiba siku hiyohiyo. Kapasita usiiogope. Mashine inayonguruma bila kuzunguka mara nyingi imekufa kapasita, na fundi wa feni ana ujuzi wa kuibadilisha kabla chai haijapoa. Otomatiki ikifa bodi, fundi huyohuyo atakurudishia pole.

Swali la 7 (alama 3). Mama anaigusa mashine kwa vidole vyenye maji, inamtetemesha. Kwa nini tatizo linazidi kiangazi?

Umeme unavuja kwenye mwili wa mashine na ethi haifanyi kazi sawasawa. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, hivyo rodi ya ethi iliyotosha Februari yaweza isitoshe Septemba. Chomoa plagi kwanza. Fundi apime, arefushe rodi au aongeze nyingine, na atafute panapovuja. Kuvaa ndala si jibu. Atakayeandika hivyo apewe sifuri.

Swali la 8 (alama 1). Je, wanunue na mashine ya kukaushia?

Hapana. Kiangazi cha Rungwa kinakausha jinzi iliyokamuliwa kabla ya alasiri.

Swali la 9 (alama 5). Shemeji aliyeko Dar es Salaam anawapa bure mashine yake ya mlango wa mbele. Wamwambie nini kabla haijapakiwa?

Wamshukuru, kisha waulize boliti za safari ziko wapi. Pipa la mashine hiyo linaning'inia kwenye springi, na kiwandani hufungwa kwa boliti ndefu nyuma ili lisitikisike njiani. Mtu akishaifunga nyumbani huzitoa, na kwa kawaida huzitupa. Ikisafiri bila hizo, kila shimo la barabara linalitupa pipa ukutani. Itafika inang'aa, na siku ya kwanza ya kukamua itatembea chumbani kama mbuzi aliyekata kamba. Zikipatikana, zifungwe kabla ya kupakia na zitolewe zote kabla ya kuwasha, kwani kuwasha zikiwa zimekaza nako kunaivunja. Zisipopatikana, mashine ibaki Dar, au shemeji aiuze awatumie fedha waongezee kwenye ile ya matenki mawili.