SOMO: TUCHAGUE GUNDI INAYOFAA MBAO

Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa mbao nzuri tunazo: mninga, mkongo, hata mpingo. Lakini tazameni viti vyetu. Wakati wa mvua mbao hufura, kiangazi husinyaa. Miaka michache tu, miguu ya kiti inacheza. Bibi akikikalia, chini! Basi leo tujifunze kuchagua gundi.

Gundi ipi?
Gundi nyeupe ya mbao inafaa pale mbao zinapobanana sawasawa. Haizibi nafasi, na nyingi hazistahimili maji. Kiungo kikiwa na nafasi, tutumie epoksi, yaani gundi ya mirija miwili. Mrija mmoja una gundi, wa pili una dawa ya kuigandisha.

Tusome kwanza
Epoksi nyingine huchanganywa nusu kwa nusu, nyingine mafungu mawili kwa moja. Kipimo kimeandikwa kwenye boksi. Wengine hudhani wakizidisha dawa itashika upesi. Sivyo! Inabaki laini, na fedha zimekwenda. Ndiyo maana tulijifunza kusoma.

Tuchanganye nini?
Kuziba nafasi, chekecha vumbi laini la mbao, kavu kabisa. Kwa tundu dogo la juu, poda inafaa, maana ni rahisi kulainisha kwa msasa. Lakini kwenye kiungo chenye kubeba mzigo, tumia vumbi la mbao.

Namna ya kufanya
1. Kwangua gundi ya zamani. Mbao iwe kavu. Mpingo una mafuta, ufute kwa spiriti, mbali na moto.
2. Changanya mirija miwili kwanza, kidogo kidogo, kivulini. Joto huigandisha haraka.
3. Paka pande zote mbili gundi tupu, mbao inywe.
4. Iliyobaki tia vumbi, mpaka iwe nzito kama karanga zilizosagwa. Jaza.
5. Funga kwa mpira wa baiskeli, usikaze mno gundi ikatoka yote. Acha siku nzima.

Tahadhari
Vaa glavu. Ikigusa ngozi, osha kwa sabuni. Ufa wa kinu usizibwe kwa gundi hii: mchi utaibandua, nasi tutaila katika unga. Na mpini uliovunjika usiungwe, chonga mpya. Jembe likichomoka huumiza mtu.

Maswali
1. Kwa nini tusizidishe dawa?
2. Kiti chako kina nafasi? Utatumia gundi gani?