Kalsiamu Ndani ya Chembe za Mwili

Kalsiamu si ya mifupa na meno tu. Ndani ya kila chembe hai imo kidogo sana. Katika damu iliyo nje imezidi kama mara 10,000. Ikiongezeka ndani ya chembe za msuli, msuli hujikaza. Ndivyo moyo upigavyo.

Hupimwaje? Mwaka 1985 Roger Tsien na wenzake walieleza rangi iitwayo fura-2. Huingia katika chembe, hushika kalsiamu, na hung'aa ikimulikwa kwa mianga miwili isiyoonekana kwa macho. Ming'ao hiyo miwili hulinganishwa, na kipimo hupatikana.

Rangi hiyo ni ya maabara, si dawa. Lakini kalsiamu ya damu ikipungua mno, mtoto aweza kushikwa na degedege. Malaria nayo huileta. Mama wa Kindu, usibahatishe: mlete hospitali upesi, damu ipimwe. Nyumbani, kuleni ndagala pamoja na mifupa yao.